Lubisi Isiyoguswa na Mguu

Cassian Ndyamukama hakununua pombe Murongo. Hilo lieleweke kwanza, kabla ya jingine lolote, kwa sababu uongo huo umetembezwa Omurushaka miaka mingi, kutoka baraza la duka hili hadi la duka lile, na siku hizi unasimuliwa na watu ambao wakati ule walikuwa bado mgongoni mwa mama zao. Wanasema kijana yule wa mguu mbovu alishindwa kutengeneza pombe ya kuposea, akamtuma mtu mpakani akanunue iliyokwisha kuiva, akaimimina katika mtumbwi wake wa kukamulia na kumdanganya mzee Byarugaba. Wanaongeza kwamba hata bila kudanganya angepewa tu, kwa kuwa binti mwenyewe alisoma kupita kiasi na hakuna mwanamume aliyemtaka. Wakiishiwa kabisa, wanasema mashine ilikuwa na jini ndani yake.

Jini. Watu ambao kiti chao kikivunjika mguu wanakiegemeza ukutani mpaka mchwa wakile, hao ndio wanaojua mashine ilikuwa na nini ndani.

Mambo yalikuwa hivi.

Cassian alizaliwa katika shamba dogo la migomba juu ya Omurushaka, mtoto pekee wa Kemilembe, mwanamke aliyeachwa mjane mapema na ambaye hakuwahi kumwomba jirani hata chumvi. Akiwa bado mtoto alishikwa na homa, na homa ilipomtoka alikuta mguu wa kushoto umekonda kama mpini wa jembe, hauwezi kubeba hata uzito wa shati lake. Shuleni alikaa muda mfupi, kwa sababu ilikuwa ng'ambo ya bonde, na mvua zikianza njia ile haikumfaa mtu wa gongo. Wenzake wenye miguu miwili walifika huko kila siku kwa miaka, na wengi wao mpaka leo wanaweka dole gumba mahali pa kuandika jina.

Alichojua alikipata kwa kubomoa. Alianza na kufuli ya mama yake, akaifungua yote akaitandaza juu ya jani la mgomba, akaambiwa hatakula mpaka ifunge tena. Ilifunga. Baadaye alikaa barazani kwa fundi cherehani pale Omurushaka, akiangalia namna gurudumu kubwa linavyozungusha dogo, na fundi alipofukuza watoto wengine huyu hakumfukuza kwa sababu alikuwa hasemi kitu. Askari waliporudi kutoka vitani na baiskeli zao mbovu, hakuna aliyejua kuzitengeneza, na vipuri havikuwepo. Cassian alizitengeneza. Palipokosekana gololi alitumia mbegu ngumu za porini, zikadumu mpaka soko la wiki iliyofuata, halafu akaweka nyingine. Alimtengenezea mama yake kigari cha magurudumu mawili ya mti cha kupandishia maji kutoka bondeni, na kijiji kizima kikacheka kwamba Kemilembe anaendesha gari. Kilipomaliza kucheka, kikaja kuazima.

Hao ndio watu wa kwetu. Kitu kipya wanakicheka mchana, jioni wanatuma mtoto aje nacho.

Kicheko kimoja hakikuisha. Palikuwa na harusi kwa jirani, vijana walikuwa wanakamua lubisi, yaani ile pombe ya ndizi ambayo kwetu hakuna posa wala msiba unaokwenda bila yake. Ndizi zilizoivishwa shimoni humenywa, zikawekwa katika mtumbwi wa gogo pamoja na majani makavu marefu, na wanaume huingia humo pekupeku wakazikanyaga hadi maji yake yatoke. Wakamvuta Cassian aingie. Alikataa, wakambeba. Mguu wake mzima uliteleza, akaanguka kifudifudi katika rojo ya ndizi, akainuka na majani masikioni. Tangu siku hiyo wakamwita Mtelezo. Yupo mtu Omurushaka, hana jambo jingine alilofanya duniani ila kubuni jina hilo, na bado analisimulia kama mtu aliyejenga daraja.

Sasa binti. Anatolia Kokwijuka alikuwa mtoto wa kwanza wa Byarugaba wa Ihembe, mzee wa kahawa na migomba, Mkatoliki wa benchi la mbele. Alikuwa amesoma kwa masista na alikuwa anafundisha shule ya watoto. Wachumba walikuwepo, kama hawakupewa, ni kwa sababu hawakufaa, wala si kwa sababu hawakuja. Jinsi alivyofahamiana na Cassian haihitaji hadithi. Baiskeli ya shule ilikatika cheni, na fundi alikuwa mmoja. Mwenye kutaka zaidi ya hapo ana macho machafu.

Cassian alimtuma Aristides, katekista mzee mwenye ulimi mwepesi, aende kwa Byarugaba kama mshenga. Aristides alikaribishwa vizuri, akapewa kigoda, akapewa kahawa ya kutafuna. Kwa bahati mbaya alikuwepo pia Rwegoshora, mdogo wake Byarugaba. Huyu Rwegoshora alilelewa kwenye migomba kama watu wote wa nyumba ile, lakini alipopata ng'ombe wawili, mmoja wa kuazima, alianza kutembea na fimbo ndefu, kujipaka samli miguuni na kuzungumzia malisho. Wafugaji wenyewe wa kule nyikani walimwona na wakamhurumia.

"Huyo kijana ana nini?" Rwegoshora akauliza kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa.

"Ana kazi," Aristides akasema. "Ana akili. Ana mama."

"Nimeuliza ana nini, unanitajia visivyofungwa kamba."

"Ana shamba la migomba."

"La mama yake. Na mguu mmoja."

"Miwili, Rwegoshora. Mmoja unafanya kazi ya yote miwili. Wapo wenye miwili na haijafanya ya mmoja."

Byarugaba alicheka, kisha akajizuia kwa sababu ya ndugu yake. Alikuwa mtu mwema, udhaifu wake ulikuwa huo mmoja: hakuweza kumwambia mdogo wake anyamaze. Akasema kijana anamfahamu, baiskeli yake ya kwendea kanisani inatembea kwa ajili ya kijana huyo, na ng'ombe hatadai.

"Sikatai, kaka," akasema Rwegoshora, na hapo ndipo ubaya wake ulipojikunja vizuri kama nyoka katika nyasi. "Mimi ni nani nikatae. Naomba tu tusiivunje nyumba yetu. Mkwe wa nyumba hii huja uani hapa, akakamua mwenyewe lubisi ya posa, sisi tukimwangalia. Wewe ulikamua kwa wakwe zako. Mimi nilikamua. Baba alikamua mpaka goti likamvimba. Huyu naye aje. Au binti msomi anaolewa kwa pombe ya kukamuliwa na majirani?"

Aristides akasema kijana hawezi kusimama katika mtumbwi, kila mtu anajua.

"Basi kila mtu anajua," Rwegoshora akajibu.

Byarugaba hakuwa na pa kupitia. Mila ilikuwa ya kweli, haikubuniwa siku ile. Akasema, "Na aje akamue. Tukimaliza kuanika kahawa. Akikamua yeye mwenyewe, hapa uani, ikaiva na mimi nikainywa, binti ni wake. Asipoweza, tusisumbuane tena." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwa Aristides, kana kwamba anaomba msamaha, "Mwambie ajaribu."

Cassian alipewa habari. Aliomba kuambiwa maneno yenyewe, kama yalivyotamkwa, na Aristides akayarudia. Mguu haukutajwa, akasema Cassian. Haukutajwa, Aristides akakubali, kwa kuwa hakuna mtu chini ya jua aliyewahi kukamua lubisi kwa kitu kingine.

"Basi hawajanikataza," Cassian akasema.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kosa la kila mwanamume wa Karagwe. Muulize yeyote kati yao mguu unafanya nini katika mtumbwi, atakwambia unakandamiza. Wamesimama humo tangu ujana, wameimba humo, wamejisifu humo, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini kuona miguu yake inafanya nini. Cassian aliwaamini. Alichimba gogo, akalitoboa upande mmoja, akafunga mti mrefu juu yake kama mzani, na mwisho wa mti akatundika jiwe ambalo yeye na mama yake walilivingirisha kutoka mtoni kwa shida ya kutosha. Akaweka ndizi mbivu, akateremsha jiwe. Kwenye tundu hayakutoka maji, ilitoka rojo nene, polepole, kama kitu kinachojutia kutoka.

Kemilembe akachovya kidole, akaangalia. "Hii tutaila kwa kijiko, mwanangu?"

Aliongeza jiwe la pili. Rojo ikawa nyingi zaidi, haikuwa nyembamba zaidi. Akajaribu kutwanga katika kinu, na ikawa mbaya kuliko mwanzo, gundi tupu, mtwangio ukabaki umesimama wenyewe katikati. Majirani walikuwa wamekwisha jipanga kwenye ua wa michongoma.

"Mtelezo, tupe bakuli, watoto hawajala."

"Mwacheni, anampikia mkwe uji."

"Byarugaba hana meno ya pembeni, utamfaa."

Hakuwajibu. Kemilembe ndiye aliyewajibu, na aliyowajibu hayaandikiki, lakini yalisikika hadi barabarani. Usoni alikuwa simba. Ndani alikuwa na hofu, kwa sababu ndizi za pombe si ndizi za chakula, mikungu yake ilikuwa ya kuhesabika, na majaribio yalikuwa yamekula karibu yote. Alimwambia mwanawe kwamba kuna mikungu ya kutosha mashimo mawili tu. Shimo moja la kujaribia na moja la Ihembe. Baada ya hapo ni kungoja msimu, na wakati huo Rwegoshora atakuwa ameshamtafutia binti mtu wake, mwana wa rafiki yake mmoja mnunuzi wa kahawa, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kofia.

Siku hizo hizo Cassian alichukua baiskeli aliyoitengeneza akaipeleka kwa mwenyewe, mfugaji mmoja wa nyikani. Mwenyewe alikuwa malishoni. Alimkuta mkewe, bibi mmoja aitwaye Kyarimpa, amekaa chini kivulini mwa nyumba anasuka maziwa katika kibuyu kikubwa, akikibembea juu ya paja lake, mbele na nyuma. Cassian alimwamkia shikamoo, akajibiwa, akakaa, na akaanza kukodolea macho kibuyu bila adabu.

"Wewe hujaona maziwa?" Kyarimpa akauliza.

"Nimeyaona, mama. Sijaona yanavyosukwa."

"Wala hukupaswa. Mwanamume anatafuta nini kwenye kibuyu?"

"Mbona hukitikisi kwa nguvu? Ungemaliza mapema."

Bibi alimtazama kama anavyotazamwa ndama asiyejua chuchu. "Nikitikisa kwa nguvu napata maziwa yaliyochoka. Siagi inataka kwenda na kurudi. Inaenda, inarudi. Wewe fundi gani usiyejua kungoja?"

Cassian alikaa pale mpaka siagi ikatoka. Kyarimpa alimwambia mumewe jioni kwamba fundi wa Omurushaka ni mzuri wa mikono lakini kichwani hayupo.

Aliporudi hakupitia nyumbani. Alipitia mahali palipokuwa na watu wanakamua lubisi ya kuuza, akaweka gongo chini, akalala kifudifudi kando ya mtumbwi, jicho usawa wa ukingo, akaangalia miguu. Wakamcheka mpaka wakakosa pumzi. Wakasema Mtelezo amekuja kuaga ndizi. Yeye aliona alichotaka. Mguu haukandamizi kitu. Mguu unakwenda na kurudi, umeshika majani, na majani ndiyo yanayofikicha ndizi, tena na tena, mpaka rojo ichoke yenyewe iachie maji. Uzito wa mtu hauna kazi yoyote humo. Wanaume wazima, vizazi kwa vizazi, walikuwa wameringia uzito.

Alitengeneza kitu kingine kabisa. Alichukua gogo refu, akalichimba kama ngoma, akalitia mfuniko wa kubana. Ndani akapigilia vijiti vingi vya mti mgumu, na kila kijiti akakivika majani yale yale ya kukamulia, akayafunga kwa ugwe wa mgomba. Gogo akalitundika katika fremu ya miti, likibebwa na vyuma vya katikati vya magurudumu mawili ya baiskeli iliyokufa ya askari, ili libembee bila kukwama. Kwenye ubavu akafunga mpini mrefu. Mtu hukaa kwenye kigoda, akasukuma, akavuta. Mguu hauhitajiki. Mikono ilihitajika, na mikono ya mtu aliyetembelea gongo tangu utoto, hapakuwa na kijana Karagwe aliyekuwa nayo.

Shimo la kujaribia likafunguliwa. Alibembea asubuhi ile mpaka jua likawa juu ya migomba. Mwanzoni ndani palisikika mabonge yakianguka, halafu rojo, halafu sauti ikabadilika ikawa ya maji. Akafungua tundu. Maji ya ndizi yalitoka meupe, mepesi, matamu, yakajaza kibuyu yakamwagika.

Kemilembe alikunywa kwa kiganja. Akanywa tena. Kisha akaenda kwenye ua wa michongoma, kulikokuwa na jirani anachungulia, akamwambia kwa huzuni kubwa, "Limeshindikana, mama. Rojo tupu. Sijui nimfanyeje mtoto huyu."

Na habari hiyo ikafika Ihembe haraka kuliko barua, kama alivyokusudia. Rwegoshora aliisikia akawaalika watu wengi kuliko walioalikwa na mwenye nyumba.

Siku yenyewe Cassian aliingia uani kwa Byarugaba juu ya mkokoteni, yeye, mama yake, Aristides, mashine imefunikwa mkeka, na ndizi za shimo la mwisho. Ua ulikuwa umejaa. Mkeka ulipoondolewa mtu mmoja akauliza kama ni jeneza, na kicheko kikaanza. Cassian alimwamkia Byarugaba, akawaamkia wazee, akakaa kwenye kigoda. Akamenya ndizi mwenyewe. Akazitia mwenyewe. Akaanza kubembea.

Rwegoshora alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kupokea mahari ya ng'ombe mia: shuka jipya, fimbo, na miguu inayong'aa samli mpaka magotini, samli ile ya manukato. Alizunguka mashine mara kadhaa.

"Kaka, hiki si kitu cha kusukia maziwa?"

Byarugaba aliendelea kutazama mpini.

"Ninyi mnaoona, mnisaidie. Hii si kazi ya wanawake? Tumekuja kuona mwanamume akikamua, tunaonyeshwa mwanamume anabembeleza mtoto."

"Mtoto akilala tutakuita," Aristides akasema.

Walicheka tena, safari hii hawakujua wanamcheka nani. Cassian aliendelea. Jasho lilimtoka, shati likashikana na mgongo. Anatolia alikuwa mlangoni kwa wanawake, amefunga mikono, hasogei. Lilipotoka tone la kwanza, halafu mfereji, halafu maji ya ndizi yakawa yanashuka katika chungu meupe kama ya chemchemi, kicheko kilikatika chenyewe.

Rwegoshora aliona kinachokuja. Akapandisha sauti. "Hayo ni maji ya ndizi, sijakataa. Lubisi sijaiona. Lubisi isiyoguswa na mguu haijawahi kunywewa katika nyumba hii. Kaka, ukiinywa hiyo, kesho watu watasema Byarugaba aliozesha binti kwa kinywaji cha watoto. Mguu uingie. Hata kama ni mguu mmoja."

Wazee kadhaa wakatikisa kichwa kukubali. Byarugaba akamwangalia mdogo wake, akamwangalia Cassian, na ule udhaifu wake ukamkamata. "Kijana," akasema, "unasemaje? Mguu ukiingia, maneno yataisha."

Kila mtu alijua ni mguu gani usioweza kuingia. Kemilembe alikuwa ameshika ukingo wa mkokoteni. Cassian aliachia mpini.

"Mzee," akasema, "mimi nimekamua mwenyewe, hapa uani, mkiniangalia. Hayo ndiyo niliyoambiwa. Lakini sitaki nyumba yako isemwe. Nitagawa maji haya sehemu mbili, sawa kwa sawa. Sehemu moja ibaki kama ilivyo. Nyingine tuimimine mtumbwini pamoja na majani, na baba mdogo, aliye na miguu inayojua kazi, aikanyage. Mtama wa kukaanga wa kuichachusha utoke kwenye ungo mmoja. Siku ikiiva, mzee utakunywa, utasema ipi ni lubisi."

Rwegoshora angeweza kumwita kijana yeyote aingie. Angechagua mkulima, angesugua miguu kwa maji na maganda ya ndizi kama wanavyofanya watu wote, na leo hii hadithi ingekuwa nyingine. Lakini ua ulikuwa umejaa, na alikuwa amealika watu. Akavua makubazi, akamwagiwa maji ya kibuyu miguuni, maji yakateleza juu ya samli kama juu ya jani la gimbi, akaingia. Alikanyaga kwa mbwembwe, akaimba, akashangiliwa. Mwanamke mmoja alinyoosha mkono kutaka kusema kitu, mwenzake akamshika. Mtu aliyeamua kuwa mfugaji hafundishwi mambo ya migomba.

Wakatia mtama, wakafunika kwa majani ya migomba, sehemu hii hapa na ile pale. Byarugaba akafunga kamba kwa mkono wake mwenyewe, akamweka mlinzi wake mwenyewe. Basi wanaosema pombe ilitoka Murongo waeleze ilipitia wapi.

Ilipofunuliwa, watu walewale walikuwepo na wengine. Ya Cassian ilikuwa inachemka taratibu, povu limepanda hadi kwenye majani, harufu imejaa ua. Ya mtumbwini ilikuwa imelala. Juu yake yalielea macho ya samli, manjano, ya mviringo, yanamtazama kila aliyeinama. Povu hapana. Harufu ilikuwa ya beberu aliyelowa mvua.

Ndipo ikafika ile sehemu ya mila ambayo Rwegoshora aliisahau: binti ndiye anayechota na kuwapelekea wakubwa wake, na kila anayempelekea anampigia magoti, na anayepelekewa hakatai, kwa maana kukataa kibuyu cha binti siku ya posa ni kumlaani.

Anatolia alichota sehemu ya Cassian, akapiga magoti kwa baba yake. "Tata, karibu." Byarugaba akanywa. Alikunywa bila kupumzika, akapangusa mdomo, akatazama ndani ya kibuyu. "Hii ni lubisi," akasema. "Sijali imepita wapi."

Anatolia akaenda mtumbwini. Akachota, akahakikisha kibuyu kimejaa, akavuka ua wote, akapiga magoti mbele ya baba yake mdogo, akashika kibuyu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Baba mdogo, karibu. Hii ni ya miguu yako."

Kuna wanaosema hapo alimtukana mkubwa wake mbele ya watu. Alimtukana wapi? Alipiga magoti. Alitumia mikono miwili. Kila mtu alipewa kazi yake mwenyewe anywe, na adabu kubwa kuliko hiyo haipo. Rwegoshora alitazama kibuyu, akatazama ndugu yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Byarugaba hakumsaidia. Akanywa. Akanywa yote, maana walikuwa wanamwangalia, na mdomo wake ukabaki unang'aa kama magoti yake.

"Vipi, mzee?" Aristides akauliza kwa upole. "Imeiva?"

Rwegoshora aliokota fimbo yake akaenda kuangalia ng'ombe.

Byarugaba alisimama, akamwita Kemilembe kwa jina la heshima, mama wa mkwe wangu, akamkalisha kwenye kiti cha mbao ambacho wageni walikuwa hawakikalii. Halafu akamwambia Cassian asogee, na alipoanza kutafuta gongo lake, mzee mwenyewe akamwinukia akamshika mkono. Wakafunga ndoa kanisani baada ya matangazo, mchana, watu wakiona.

Baada ya hapo ilikuwa kama kawaida yao. Mashine ikaitwa ya mwanamke, ikaitwa jeneza, ikaitwa ya jini, na watu wakaja kuiazima. Wana wa Rwegoshora waliiazima kwa harusi zao, wakairudisha bila kuiosha. Hakuna hata mmoja aliyetamka jina la aliyeitengeneza, na walipolitamka walitamka lile la kuteleza. Cassian hakujali. Alikuwa hana nafasi ya kujali. Alikuwa anatengeneza kitu kingine.

Wapo wanaotaka kujua kitu hicho kilikuwa nini, kwa nini mashine haipo tena, na Cassian na baba mkwe mdogo waliambiana nini kabla mmoja wao hajafa. Wamekuja hadi mlangoni kwetu kuuliza, wengine wamevaa viatu vizuri. Wamerudi na viatu vyao. Binti Byarugaba alitolewa kwa lubisi halali, iliyokamuliwa na mumewe, ikanywewa na baba yake. Yanayobaki ni ya nyumba ya Ndyamukama, na nyumba ya Ndyamukama haisemi.